Kipande Namba Saba

Tuliigawa nusu ekari ya Ndealilia kwa kamba ya katani,
vipande ishirini, kila kimoja na kigingi chake,
kila kigingi na namba ya rangi nyekundu.
Dawa nne. Ya tano ni maji ya mfereji.
Daktari Sarakikya akapiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia,
na kofia yenyewe ilikuwa yangu, ina jasho.
Namba saba ikaangukia maji.

“Hapa usitie kitu,” akamwambia mwenye shamba,
“hata kikiliwa chote. Kikiliwa ndipo tutajua
kama vingine vimepona kwa dawa au kwa bahati.”
Ndealilia akaitikia kwa kichwa.
Namba saba iko kando ya njia.
Ndiyo anayoiona kila apitaye kwenda Chekereni.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Alfajiri, umande haujakauka,
nafungua koo la mche kwa vidole viwili,
naondoa kinyesi chake, kama unga wa msumeno, kibichi,
na yumo:
Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso,
madoa manne mkiani, yamekaa kama miguu ya kitanda.
Mara nyingi ni mmoja tu kwa mche.
Wakibanana wawili, mmoja humla mwenzake.
Naandika: moja.
Majani yamebaki madirisha, natazama Moshi kupitia humo.

Elinihaki ndiye wa solo, bomba mgongoni, mdomo kafunga kitambaa.
Siku ya tatu, dawa A: wamesinyaa, weusi, kama uzi uliochomwa.
Dawa B: wapo, lakini hawataki chakula.
Dawa C, ile iliyojaa kila duka la pembejeo mjini,
wanaioga, wanajifuta, wanaendelea kula.
Elinihaki akacheka hadi bomba likamwagika.
Mimi sikucheka. Mwaka jana niliinunua hiyo hiyo
kwa pesa ya mbuzi.

Siku ya saba, namba saba.
Miche kumi, kiwavi mmoja.
Nikahesabu upya. Mmoja.
Maji yameshinda dawa zote,
maji yale yale wanayokunywa ng'ombe.

Nikaingiza uso karibu na koo la mche.
Majivu.

Wiki hii wanachoma miwa upande wa kusini,
masizi yanatua hata kwenye chai.
Ningeweza kusema ni upepo.
Lakini masizi ya miwa ni meusi, marefu, mepesi kama nyoya.
Haya yalikuwa meupe, yamechekechwa,
ya jiko, na chembe ya mkaa humu na humu,
yametiwa kwa kipimo, mche hadi mche,
na mtu aliyeinama gizani na mgongo wake unaouma.

Ndealilia alikuwa pembeni, anang'oa majani ambayo hayakuwepo.
Sikumuuliza. Akajibu.
“Mtoto analia chumba cha pili.
Nimwache, kwa sababu mnataka kujua
atalia mpaka saa ngapi?”

Daftari lina safu ya maelezo, nyembamba, upana wa kidole.
Nikasimama nayo muda mrefu.
Nikifuta, hesabu inakuwa safi na ya uongo.
Nikiandika, namba saba imekufa, na jina lake litatajwa.
Kalamu ilikuwa inakwaruza.
Nikaandika: *1. Majivu.*

Jioni daktari alisoma ukurasa ule akiwa amesimama,
akavua miwani, akaisugua kwa ncha ya shati.
Nikangoja hasira.
“Majivu ya kuni gani?” akauliza.

Sikujua.
Nikarudi shambani kuuliza, jua likiwa limeshazama,
nikitafuta njia kwa vigingi.
Namba saba hakuna mtu.
Alikuwa kumi na tatu, hiyo nayo ni ya maji,
kikombe cha bati mkononi,
na kanga kaikunja juu ya magoti asiilowanishe.